Muratina ya Pipa la Wiski

Wewe umewahi kuona pombe ya posa ikiwa nyeusi kama chai ya strungi?

Hiyo ndiyo iliyoletwa Ruiru mwaka wa hamsini na moja, siku Nyaguthii alipoposwa. Baba wa kijana aliyemposa alikuwa mpishi katika hoteli ya Wazungu, kule maporomoko ya Chania. Huko alipewa pipa tupu la wiski ya Amerika, ile ya mahindi, akachachusha humo muratina yake ya asali badala ya kibuyuni.

Wazee wakainusa, wakatazamana.

"Hii imeungua," akasema baba yake Nyaguthii.

"Haijaungua, mkwe wangu. Wamarekani huchoma pipa ndani makusudi, wiski ilale humo miaka, ipate rangi na utamu."

"Usiniite mkwe kabla sijanywa! Kwani tunamwoza Mmarekani?"

Wazee wakacheka, lakini hakuna aliyeigusa. Na pombe isiponywewa, posa imekataliwa.

Nyaguthii akaitwa kutoka jikoni, unga bado vidoleni, maana binti ndiye huonja kwanza. Akainua pembe ya kunywea kwa mikono miwili. Ikaja asali, kisha moshi mtamu kama wa kiazi kilichochomwa majivuni, kisha joto likashuka polepole mpaka tumboni.

"Haya, mwanangu. Tuinywe au tuimwage?"

Tangu mavuno alikuwa na jibu, ila aliona haya kulitamka mbele ya baba yake. Akamkabidhi pembe.

"Inyweni, baba. Huyo ndiye ninayemtaka."