Pombe ya Shukrani

Protase alikitua kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, mbele ya bwana wa ardhi, lakini mabega yake yalibaki yameinama kana kwamba bado amekibeba.

Kibanja chake chote, pamoja na migomba iliyolifunika kaburi la baba yake, alikuwa amepewa mpwa wa bwana. Protase alikuwa ameachiwa nyumba tu, mradi alete pombe ya shukrani.

"Nasikia unawaambia watu nimekudhulumu," bwana akacheka. "Neno zito hilo kwa mtu wa jembe. Unajua maana yake, mwanangu?"

Protase aliitazama mikono yake, myeusi kwa utomvu wa migomba usiotoka kwa maji wala kwa majivu.

"Kuonewa ni kupigwa na mwenye nguvu, bwana. Unalia, yanaisha. Kudhulumiwa ni kunyang'anywa haki yako, kisha ukadaiwa shukrani."

Wazee waliokaa pale wakainamisha macho.

"Umesema vizuri. Sasa onja, tunywe."

Mleta pombe huonja kwanza, kuonyesha kuwa moyo wake ni safi. Bwana alikwisha kunyoosha mkono, akingoja.

Protase akakisogeza kibuyu mbele kwa vidole viwili.

"Leo sisikii kiu," akasema.