Kibao cha Mama Mkwe

Tangu vyombo vianze kujiponya, hakuna aliyeruhusiwa kutupa kitu. Kibao cha kukatia Saumu alikirithi kwa marehemu mama mkwe wake. Kila alipokatia samaki juu yake, chale zilijifumba zenyewe, shombo likabaki ndani. Kila Ijumaa alikianika juani kitoe shombo, maana joto huachanisha vifungo vinavyoshikilia chembe zake kikalainika kama uji mzito, kikipoa vikashikana upya.

Ijumaa hii kilipolegea kilitapika magamba, unywele wa mvi na kucha yenye hina. Saumu akaita.

“Baba Zaina, njoo uone.”

Mumewe aliitazama ile kucha, akaididimiza kwa kidole gumba mpaka kibao kikaifunika.

“Mwache mama, amezoea humo. Tukatie vitunguu.”

Saumu alitazama kidole chake alichojikata juzi juu ya kibao hicho. Kile kipande cha ngozi kilichobanduka hakukiona tena.