Nishushe

Shati lilipomporomokea usoni, ndipo fundi cherehani alipojua kwamba ubao umekwama. Alikuwa ananing'inia kichwa chini sebuleni kwake kwenye ubao wa mazoezi unaopinduka, vifundo vya miguu vimebanwa na vyuma, eti mgongo unyooke baada ya miaka kumi na tisa ya kuinamia cherehani. Damu ilimjaa kichwani, masikio yakavuma. Kicheko cha mkewe kilisikika kutoka kwa jirani, umbea umemnogea.

"Jamani, nishusheni!"

Kandambili zikaburuta sakafuni. Mama mkwe.

"Makubwa haya! Mkwe wangu umegeuka popo?"

"Mama, nishushe, nakufa!"

"Tulia baba, nakushusha. Si hivi vyuma ndivyo vinavyokushika?"

Vidole baridi vikamgusa kifundo cha kulia. Alitaka kumwambia asivifungue, ausukume ubao tu, kichwa kirudi juu. Lakini alipovuta pumzi, shati likamwingia mdomoni.

Ta! Mguu wa kulia ukaachia. Utosi wake ulikuwa shubiri moja tu kutoka kwenye saruji.

"Umeona?" mama mkwe akasema kwa furaha, akihamia wa kushoto. "Bado mmoja."