Ndoo ya Mchungaji Tuttle

Ndoo ilikwishafika nusu kabla Mchungaji Royce Tuttle hajapanda jukwaani. Dawa za moyo, dawa za presha, dawa za kisukari. Waliokwisha kujihesabu wamepona walikuwa wakizitupa humo huku wakipigiwa makofi, na Maybeth Crandall, aliyekuwa kwenye foleni nje ya hema, alisikia kila chupa ikigonga bati kama kofi la shavuni kwake.

Mwaka jana, nyuma ya ghala hilihili la pamba, Corliss mdogo wake alitupa sindano zake za kisukari kwenye ndoo hiyohiyo. Kabla ya Krismasi wakamzika. Na leo mama yao, Ferne, mwanamke asiyemsikiliza mtu tangu azaliwe, amekuja na vidonge vyake vya moyo kwenye pochi.

"Nikisikia tu ishara, navitupa," alisema asubuhi, akimwagia mchuzi mzito mikate yake midogo.

"Mama, mtu yule alimuua Corliss!"

"Corliss imani ilimpungua. Nyamaza, usinipandishe presha."

Swali moja halikumtoka Maybeth kichwani. Mchungaji alijuaje habari za kidole cha mguu kilichomuuma Corliss, hata akakitangaza mbele ya umati? Corliss alimwambia mtu mmoja tu, yule mama mpole anayepita kwenye foleni akigawa maji ya limau na kuuliza watu wanaumwa nini. Basi leo Maybeth angemlisha uongo mtupu. Mchungaji akiutapika jukwaani, mama angeusikia kwa masikio yake mwenyewe, na vidonge vingebaki pochini.

Wakiwa kwenye foleni, mama akaenda chooni. Bahati nzuri. Mara mama wa limau akafika, gauni la njano, jagi mkononi.

"Karibu, mpenzi. Mimi Dada Lavonne, mke wa Mchungaji. Waitwa nani?"

"Gladys," alisema Maybeth bila kupepesa jicho. "Naumwa mgongo, dada. Na sina ndugu hata mmoja duniani."

"Pole jamani. Kunywa maji ya limau."

Lavonne angeondoka hapo, mambo yangekuwa sawa. Lakini Ferne akatokea akijikung'uta sketi, kichwani kavaa kofia ya ukili yenye cheri za kitambaa. Lavonne akaikazia macho.

"Kofia hii nimewahi kuiona."

"Ya binti yangu Corliss, marehemu," akasema Ferne, ambaye akipata msikilizaji hana breki. "Alitupa sindano zake hapa, kama alivyoagizwa. Nilikuwa na mabinti wawili, huyu Maybeth ndiye aliyebaki. Maybeth, umemsalimia dada? Mbona umenuna kama umelamba siki?"

Lavonne akaliinamisha jagi bila kujua, limau likammwagikia viatuni.

"Amekufa? Yule aliyenichekesha kwa habari za kuku wake wanaolala kitandani?" Sauti ilimshuka. "Royce aliniambia yu mzima, anacheza densi."

"Imani, mwanangu. Ilimpungua."

Lavonne aliliacha jagi chini kwenye nyasi, akaenda moja kwa moja hadi kwenye trela yenye antena iliyoegeshwa nyuma ya hema. Foleni hajaimaliza.

"Umeniharibia kila kitu, mama," alisema Maybeth, meno yamekutana.

"Nimekuharibia nini tena? Nilikwenda kukojoa tu."

Ndani ya hema joto lilikuwa la kuchemshia yai. Watu walijipepea kwa mapepeo ya karatasi waliyogawiwa bure na muuza majeneza wa mjini, mtu aliyejua vizuri wateja wake wanapokutania.

Mchungaji akapanda. Suti nyeupe hata nzi waliona haya kutua, nywele zimechanwa zikafunika masikio. Huyu hakuwa mtu wa kukaa akafikiri. Alifumba macho, akainamisha kichwa kama kuku anayesikiliza mvua, na lolote lililomjia alilitoa papo hapo kwa sauti ya ngurumo. Watu wakiitikia, naye akizidi. Akishaanza hasimami, kama treni ya mizigo.

"Kuna Maybeth humu!"

Maybeth akajificha nyuma ya pepeo lake.

"Amedanganya kwenye foleni! Amejiita Gladys!"

"Bwana anaona!" umati ukaitikia.

"Mgongo wake mzima kama wa nyumbu!"

Watu wakacheka, wakalia. Ferne alikuwa ameshatoa chupa pochini, machozi yanamtoka, anakwenda mbele. Maybeth akamdaka mkono.

"Mama, nakuomba."

"Niache! Nani mwingine angeyajua hayo? Sikia, mwenye masikio!"

Akajinasua, akafika penye ndoo, Maybeth nyuma yake akimvuta sketi.

"Alikuwa na mdogo wake, Corliss!" alinguruma Mchungaji.

"Amina!"

"Kuku wake walilala kitandani!"

"Amina!"

"Alimwamini mtu, akatupa dawa zake, akafa!"

"Ee Bwana!"

Mkono wa Ferne ukaganda juu ya ndoo.

"Na mtu huyo yumo humu hemani!"

"Yumo!"

"Amevaa suti nyeupe!"

"Nyeupe!"

Maybeth akaacha kumvuta mama yake.

"Na sauti anayoisikia sikioni si ya Mungu," Mchungaji alipaza, macho kayafumba, jasho linamtiririka, "ni ya mkewe Lavonne, kwenye trela, na Lavonne amechoka!"

"Amina," akaitikia Ferne peke yake, akairudisha chupa pochini.