Wino Mkononi

Kimbunga kilitarajiwa kufika alasiri. Bibi alikuwa ameshapigilia mbao madirishani, amezima umeme na kufunga vyeti na dawa ndani ya mfuko wa nailoni. Lilibaki jambo moja tu: kumwandikia mumewe namba ya simu mkononi, maana siku hizi alikuwa akipotea hata akienda dukani tu.

"Tulia basi, mume wangu."

Mzee akatulia. Miaka arobaini alikuwa mchora mabango. Tangu mwaka jana alikuwa akimwita mkewe "dada", kwa adabu, kama mtu aliyekutana naye foleni.

Mkewe alipomaliza kuandika, Mzee alizitazama zile tarakimu zilizopinda, akaguna.

"Dada, mwandiko gani huu! Hebu lete kalamu. Na wewe ukipotea je?"

Akaushika mkono wa mkewe. Vidole vilivyokuwa vikishindwa kufunga vifungo vya shati havikutetemeka. Viliandika polepole, herufi nene zilizonyooka:

HUYU NI MKE WANGU. MKIMWONA MNILETEE.

Nje, gari la kuwapeleka kwenye kituo cha hifadhi likapiga honi. Bibi hakuinuka. Aliuinua mkono karibu na midomo, akaupulizia wino ukauke.