Klachi Iliyogoma

Nyundo ilipogonga kwa mara ya saba, kilicholegea kilikuwa ukucha wa Elisante. Klachi haikutikisika.

“Mama yangu weee!” Akatia kidole mdomoni, akaonja oili chafu, akatema.

Alikuwa amepiga magoti kwenye gereji ya Mzee Clement, huko Lanham, Marekani, Jumamosi moja ya Oktoba 1998, ndani ya suruali ya suti. Suti yenyewe ya kuazima. Mtu anayekwenda kupeleka posa hategemei kukabidhiwa msumeno wa mnyororo uliotengenezwa kabla hajazaliwa.

Kosa lilikuwa la Wambura, mshenga wake. Sebuleni, baada ya shikamoo na chai, Wambura alimsifia mpaka akapitiliza. “Kijana wetu ni fundi wa mashine, mzee. Hakuna injini inayomshinda.” Elisante nusura apaliwe. Kazi yake ilikuwa kukatia watu tiketi kwenye maegesho ya magari huko Bethesda, na kule Moshi aliwahi kuziba pancha za baiskeli kwa miezi mitatu, miwili kati yake akiwa anaumwa. Lakini mshenga habishiwi mbele ya wakwe. Akajitahidi kukaa kifundi.

“Vizuri sana,” alisema Mzee Clement. Kabla ya kuhamia Marekani alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye viwanda vya mbao vya Mufindi, na misumeno aliijua. “Mti umeangukia uzio wangu, na chenso yangu klachi imeganda. Ifungue, halafu tutaongea habari za binti yangu. Ukishindwa, mshenga wako anaijua njia ya kurudi.”

Vaileth, binti mwenyewe, alitazama sakafu. Mwaka mzima walikuwa wamengoja siku hii, na sasa ndoa yao imekalia kipande cha chuma chenye kutu!

Haki ya Mungu, Elisante alijitahidi. Alichomoa plagi, akajaza kamba kwenye silinda ili pistoni isisogee. Kusema kweli, hilo la kamba aliambiwa na Vaileth alipomletea maji ya kunywa, lakini baada ya dakika tano alishaanza kuamini ni wazo lake. Akashika spana, akaizungusha klachi kushoto kama anavyofungua kila kitu, mpaka macho yakataka kumtoka. Wapi! Akapaka oili. Akaibembeleza. Akaitukana kwa Kichaga, kwa sauti ya chini, wakwe wasisikie. Akarudi kwenye nyundo, na ya nyundo ndiyo hayo.

“Hongera, fundi,” alijiambia. “Kiwanda kiliikaza mara moja. Wewe umeikaza mara saba.”

“Njoo ule kwanza,” Mzee Clement aliita kutoka mlangoni. “Chakula hakimngoji mtu.”

Mezani kulikuwa na wali na kuku. Mama yake Vaileth alikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo Vaileth ndiye aliyepakua. Wambura alikula kama mtu asiye na dhambi yoyote. Elisante alishika kijiko kwa vidole vinne na kukokotoa atamwambiaje mama yake kule Moshi, ambaye alishashona kitenge cha harusi.

“Soda zimeisha humu,” alisema Vaileth. “Nakwenda kuchukua kwenye friji ya gereji.”

Mzee Clement akachukua rimoti, akaongeza sauti ya televisheni. Mpira wa Kimarekani ulikuwa unachezwa, na hapakuwa na aliyekuwa anautazama. Wambura akajaribu kusimulia habari za barabara, akashindwa kusikika, akarudi kwa kuku wake.

Soda zilichelewa. Elisante hakuona ubaya, maana kila dakika mezani ilikuwa dakika moja asiyoaibika gereji. Vaileth aliporudi na chupa nne alikuwa ananukia sabuni. Alipomwekea Elisante ya kwake, aliinama kidogo.

“Ukirudi kule,” alinong’ona, “zungusha kwenda kulia.”

Elisante alimwonea huruma. “Mchumba,” alinong’ona naye, “kulia ni kufunga. Mtoto mdogo anajua.”

“Jaribu tu.”

Alijaribu, hasa ili aweze kumwambia baadaye kwamba alijaribu. Akapiga magoti, akashika spana, akasukuma kulia kwa nguvu zake zote. Klachi ilizunguka kwa wepesi kiasi kwamba alianguka kifudifudi juu ya msumeno. Alipoinuka, aliimalizia kwa vidole viwili.

Aliiangalia kiganjani, machozi yakimlenga. Kisha akasimama, akakung’uta magoti, na alipofika sebuleni tayari alikuwa fundi.

“Hii hapa, mzee,” alisema. “Klachi za namna hii zinafunguka kulia. Wengi hawajui. Mtu anapambana nayo siku nzima, kumbe ni ujuzi mdogo tu.”

“Nilisema mimi!” alidakia Wambura.

Vaileth alikuwa anakusanya sahani, kichwa chini, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Mzee Clement aliipokea klachi, akaigeuzageuza, akazima televisheni. “Nimekubali,” alisema. “Leteni wazee, tupange siku.”

Elisante akainama kumshukuru. Mzee akamshika bega, akamvutia pembeni.

“Walikuja wawili kabla yako, mwanangu, na wao niliwakazia klachi hiihii kwa mkono wangu. Na wao niliwaita kula katikati ya kazi, nikaongeza na sauti ya televisheni. Lakini Vaileth hakuinuka kwenda kuwalegezea.”