Kifaa cha Mzee Isogai

Ndani ya kifaa cha Mzee Isogai hamkuwa na nta ya masikio hata chembe. Mlikuwa na majivu.

Chinatsu aliyaondoa kwa brashi ndogo, roho yake haijatulia. Hii ilikuwa mara ya tatu tangu ahamishiwe duka hili la vifaa vya kusikia pale mjini Takaoka, Japani, na mara zote tatu mwenye masikio hakuja. Aliyekuja ni mkewe, kifaa amekifunga kwenye kitambaa cha hariri kama yai.

"Mwambie baba apunguze sigara, mama."

"Sigara ameacha," alisema Bi Isogai. "Wewe niongezee sauti tu."

Chinatsu alikiunganisha kifaa na kompyuta. Kumbukumbu zake zilisema yale yale: kimewashwa usiku na mchana, kimya kirefu, maneno machache asubuhi, machache jioni. Basi.

"Kwani analala nacho? Atapata vidonda sikioni. Na nikiongeza sauti bila kumpima, nitamharibia hata usikivu uliobaki."

"Hilo lisikutie wasiwasi."

"Ukimsemesha anajibu?"

"Tangu anioe hajawahi kujibu la maana." Bi Isogai alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Kuna neno nataka alisikie, mwanangu. Nimelibana miaka hamsini na miwili. Si neno la kupigiwa kelele, majirani wakasikia."

Chinatsu alikataa. Asiyepimwa haongezewi. Bi Isogai aliinama, akakifunga kifaa chake, akaenda zake.

Mchana huo Chinatsu aliwapa wateja wawili betri zisizo zao. Mzee hatoki, hajibu, sikio lake halitoi nta: yuko katika hali gani mzee huyo? Je, kama amepooza, na mkewe anaona haya kusema? Alijichukia kwa kumwacha mama wa watu aondoke vile.

Kesho yake, kabla ya kufungua duka, alibeba mashine ya kupimia akaenda kwao, karibu akimbie.

Bi Isogai alimfungulia akiwa ameshika kibakuli kidogo cha wali wa moto.

"Umekuja wakati wa chakula chake. Vua viatu, upite."

Chumba cha ndani hakikuwa na kitanda. Bi Isogai alipiga magoti mbele ya kabati jeusi la kuwakumbukia wafu wa nyumba, akafungua milango yake miwili, akauweka wali mbele ya picha ya mzee, kando ya kijiti cha udi kilichokuwa kikidondosha majivu. Kifaa kilikuwa kimeegemezwa kwenye picha, usawa wa sikio.

"Mpimaji amekuja, mume wangu," alisema. Kisha akamgeukia Chinatsu. "Ongeza kidogo tu, mwanangu, halafu utupishe."